Kupanda Delicate Arch jioni: panga kushuka kwanza, machweo baadaye

Watu wakiuliza habari za kwenda Delicate Arch jioni huwa wanauliza kitu kimoja tu, jua linazama saa ngapi. Swali sio baya ila sio la kwanza. La kwanza ni utashukaje, maana jua likishazama bado una kama kilomita mbili na nusu za kurudi kwenye gari, nyingi kati ya hizo ni juu ya mwamba mtupu, gizani, na umati wote uliokuwa umekaa na wewe unaanza kushuka dakika ileile. Mimi nimepanda pale mara nne na mara ya kwanza niliharibu karibu kila kitu, kwa hiyo mengi utakayosoma hapa nimeyalipia kwa magoti yangu mwenyewe.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini: Delicate Arch ni tao la mawe, limesimama lenyewe kabisa pembeni mwa bonde la mwamba, urefu kama mita 16, lipo ndani ya hifadhi ya taifa ya Arches, mashariki ya jimbo la Utah kule Marekani, jirani na mji wa Moab. Hifadhi yenyewe ina matao zaidi ya 2000 lakini hili ndilo lililowekwa kwenye pleti namba za magari ya Utah, na mwaka 2002 mwenge wa Olimpiki ya majira ya baridi ulipitishwa pale chini yake. Ni jangwa la kweli ila sio lile la matuta ya mchanga unalolifikiria. Hili ni la mwamba mwekundu, vichaka vikavu na miti mifupi ya mireteni iliyojikunja kama imekasirika, na kivuli usahau.

Jioni ndio wakati wake kwa sababu mbili. Kwanza jua la magharibi linalipiga tao usoni, yaani wewe umekaa kwenye bonde jua liko mgongoni kwako na jiwe linageuka kutoka rangi ya machungwa mpaka nyekundu ya makaa, na nyuma yake kwa mbali unaona milima ya La Sal ambayo sehemu kubwa ya mwaka ina theluji kileleni. Pili joto. Kiangazi pale linapita nyuzi 38 mchana na njia haina kivuli cha kujibanza, mtu anayepanda saa nane mchana mwezi wa saba simwelewi anatafuta nini.

Sasa hesabu. Usianzie na saa ya kuondoka, anzia na saa ya machweo kisha urudi nyuma. Mwishoni mwa mwezi wa sita jua linazama karibu saa tatu kasorobo usiku, mwezi wa kumi na mbili linazama kama saa kumi na moja jioni, tofauti ni karibu saa nne kwa hiyo usichukue muda wa rafiki yako aliyeenda msimu mwingine. Kwenda na kurudi ni kilomita 4.8 hivi. Namba ndogo, inadanganya, kwa sababu unapanda zaidi ya mita 140 na sehemu kubwa ya huo mpando imerundikwa mahali pamoja. Mtu wa kawaida anayepumzika pumzika na kupiga picha mpe saa moja na robo kupanda. Halafu unatakiwa uwe umeshafika saa nzima kabla ya machweo, sio dakika kumi kabla, kwa sababu mwanga mtamu ni ule wa saa ya mwisho, na jua likikaribia kuzama kivuli kinaanza kujaza bonde kutoka chini kama maji kwenye beseni, ukichelewa unakuta chini kote kumeshakufa imebaki ncha tu inawaka.

Kwa hiyo mwezi wa sita: machweo saa tatu kasorobo, kufika juu saa mbili kasorobo, kuanza kutembea saa kumi na mbili na nusu. Na kutoka Moab sasa? Mji uko kama kilomita 8 kutoka getini, halafu kutoka kituo cha wageni mpaka pale njia inapoanzia ni kama kilomita 21 za barabara ya kupanda na kukunja kona, weka nusu saa na zaidi, kuna foleni ya getini, kuna kutafuta parkingi, kuna choo. Mimi natoka mjini saa kumi na moja na robo na sijawahi kujuta. Mwezi wa kumi na mbili hesabu ileile inakuambia uanze kutembea saa tisa kasorobo alasiri, na watu wengi saa hizo ndio kwanza wanakula.

Kiingilio kwa gari binafsi kimekuwa dola 30 na kinatumika siku saba, tunza ile risiti. Miaka ya karibuni kumekuwa na utaratibu wa kubuki muda wa kuingia msimu wa watu wengi, mara nyingi ukihusu asubuhi hadi alasiri, lakini mambo haya yanabadilika mwaka hadi mwaka kwa hiyo ingia tovuti ya hifadhi siku chache kabla, usimtegemee mtu aliyeenda zamani, hata mimi usinitegemee kwa hilo.

Angalizo la parkingi kabla sijasahau. Kuna parkingi mbili zenye jina la Delicate Arch na watu wanachanganya kila siku. Unayoitaka ni ya Wolfe Ranch. Ukiendelea mbele kama kilomita moja na nusu hivi unakuta ya pili, ile ni ya kutazama tao kwa mbali tu, na kati yako na tao kuna korongo, hakuna njia ya kukatiza. Nimeshaona familia imesimama kule na begi zao na maji yao wanaulizana njia inaanzia wapi huku jua linashuka. Ila kama mna mzee, au mtu mwenye magoti mabovu, au mtoto ambaye mnajua mwisho wa siku mtambeba, hiyo ya pili ndiyo yenu na sio aibu: mtazamo wa chini ni mita mia hivi kutoka kwenye gari na hata kiti cha magurudumu kinafika, wa juu ni kama mita 800 na ngazi ngazi. Tao utaliona dogo lakini utaliona.

Vya kubeba

Maji lita mbili kila mtu, hiyo ndiyo hesabu wanayoitoa hifadhi wenyewe na mimi siibishii hata jioni. Hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona hutoki jasho kumbe mwili unaisha maji kimyakimya, baadaye kichwa kinaanza kugonga. Jaza chupa kwenye kituo cha wageni pale getini kwa sababu pale njia inapoanzia kuna choo lakini maji hakuna. Beba na kitu chenye chumvi, karanga au krispi, ukinywa maji matupu mengi mfululizo bila chumvi nayo ina shida yake. Mtu akianza kizunguzungu, kichefuchefu, au anaongea vitu havieleweki, mkalishe, mmwagie maji kichwani na shingoni, mpepee, na safari ya kupanda imeishia hapo. Tao halihami.

Taa. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Kila mtu awe na taa yake ya kichwani, sio moja kwa wawili, na sio simu. Mara yangu ya kwanza nilienda na simu nikijiambia si ina tochi, nikapiga picha, nikarekodi video, nikapiga tena picha, baridi ya jioni nayo ikala betri, jua lilipozama nilikuwa na asilimia 9. Nimefika nusu ya mteremko simu ikazima. Nikafanya kosa la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza, nikafuata taa za watu waliokuwa mbele yangu, kundi la kama watu sita, wanatembea kwa kujiamini kweli, kumbe na wao walikuwa wamepotea na kila mmoja anamfuata wa mbele yake. Tumesimama ghafla kwa sababu wa mbele kabisa kasema kwa sauti ndogo tu, jamani hapa chini hakuna kitu. Tulikuwa ukingoni mwa mwamba. Tukageuka tukarudi juu taratibu mpaka tulipokiona kijimnara cha mwisho cha mawe yaliyopangwa kuonyesha njia, ndipo tukaanza upya. Tangu siku hiyo begi langu lina taa ya kichwani, na tochi ndogo ya mkononi, na betri za akiba.

Ile tochi ya mkononi sio mbwembwe. Taa ikiwa kwenye paji la uso inamulika kutoka pale macho yako yalipo kwa hiyo vivuli unakuwa huvioni, mwamba wote unaonekana bapa kama meza, unakanyaga shimo hukujua lipo. Ukiishika tochi usawa wa kiuno ukamulika mbele, kila bonge na kila shimo linatupa kivuli na unaona umbo la ardhi. Jaribu hata nyumbani kwenye uwanja usio sawa utaona tofauti.

Viatu vyenye soli inayong'ata. Mwamba wenyewe ukiwa mkavu unashika vizuri kuliko unavyofikiri, jina lake la Kiingereza, slickrock, yaani mwamba wa utelezi, lilitokana na farasi wenye vyuma miguuni, sio na raba zako. Kinachoangusha watu ni ule mchanga mwembamba uliomwagika juu ya mwamba, unaviringika chini ya soli kama punje za mtama, na kama kumenyesha basi ni utelezi halisi. Ndala na sandali za ufukweni nimeziona pale, na wenye nazo nimewaona wakishuka kwa makalio. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu kunaweza kuwa na barafu, hasa kwenye ile njia nyembamba ya mwisho ambayo jua haliifikii vizuri, uwe na vile vyuma vya kuvalisha kwenye viatu, kama huna na umekuta barafu geuza.

Na jaketi, hata kiangazi. Joto la mchana na la usiku pale linaweza kupishana nyuzi 20 na zaidi, na wewe unakaa umetulia na fulana yenye jasho, upepo ukianza utatetemeka kama kifaranga. Ramani idauniodi kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, netiweki ndani ya hifadhi ni ya kubahatisha, na umwambie mtu mmoja aliyebaki saa ngapi mnatarajia kurudi.

Drone acha, hairuhusiwi. Mbwa naye haruhusiwi kwenye njia, na usimwache ndani ya gari kwenye joto lile.

Njia yenyewe

Mwanzo ni rahisi mpaka unajiuliza watu wanalalamika nini. Njia pana, imesagwa vizuri, na hatua chache tu unakipita kibanda kidogo cha magogo. Alikijenga John Wesley Wolfe, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuja hapa kutoka Ohio mwaka 1898 na mwanae Fred, wakafuga ng'ombe, na mwaka 1910 familia ikarudi Ohio. Simama hata dakika mbili ukiangalie hicho kibanda kisha uangalie nchi iliyokizunguka, mtu amekaa hapo miaka zaidi ya kumi. Ukivuka daraja la kijito cha Salt Wash kuna kijinjia kifupi cha pembeni kinaenda kwenye michoro iliyochongwa kwenye mwamba na Waute, wenyeji wa asili wa eneo hili, inayoonyesha wanyama na watu waliopanda farasi. Ione wakati wa kwenda, usiku hutaiona, na usiiguse kabisa maana mafuta ya mikono yanaila.

Halafu unakata kona unauona. Mwamba mmoja mkubwa, mpana, umelala kwa kuinama, na watu juu yake wadogo kama sisimizi. Huo ndio moyo wa safari na ndio pumzi zinapoishia. Njia ya udongo inakufa, unafuata vijimnara vya mawe yaliyopangwa na alama za miguu ya watu zilizoung'arisha mwamba. Usikimbie. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima, ukishindwa kuongea punguza, na ukitaka kupumzika sogea pembeni uache watu wapite.

Na sasa jambo ambalo hakuna anayelifanya: kila baada ya dakika tano hivi geuka nyuma uangalie ulikotoka. Njia ya kupanda na njia ya kushuka ni njia moja lakini kwa macho ni mbili tofauti kabisa, mwamba unaoupanda ukiutazama kutoka juu hauufahamu. Kwa hiyo geuka, tafuta kitu cha kukumbuka, mti uliokauka uliogawanyika, bonge la mwamba lenye umbo la mkate, na upige picha kwa simu ukiwa umegeukia nyuma, sio mbele. Angalia hasa pale unapomaliza mwamba na kuingia sehemu tambarare ya juu, kwa sababu usiku hapo ndipo watu wanapotokea kushoto sana au kulia sana na kuukosa mwanzo wa mteremko. Parkingi unaweza kuiona kwa chini huko mbali, kumbuka iko upande gani, usiku taa za magari barabarani zitakusaidia kukuelekeza ingawa hazitakuambia pa kukanyaga.

Vijimnara vya mawe usivijenge vyako. Najua vinapendeza kwenye picha, lakini pale vile ndio vibao vya njia, ukijenga chako pembeni usiku kuna mtu atakiamini.

Juu pale njia inapinda pinda kati ya mireteni na mchanga kidogo, na hapa naomba ukanyage kwenye mwamba au kwenye njia tu. Ule udongo mweusi wenye vinundu unaouona pembeni sio uchafu, una uhai, ni vijidudu na kuvu wanaoushikilia mchanga usipeperuke, na nyayo moja inaweza kuchukua miaka mingi sana kupona.

Mwisho, kama mita 180 za mwisho, unaingia kwenye njia iliyokatwa kwenye ubavu wa jabali. Upande mmoja ukuta, upande mwingine ni chini. Inatosha watu wawili kupishana lakini haina kamba wala reli. Mtoto mshike mkono na awe upande wa ukuta, simu iingie mfukoni, na kama unaogopa urefu tazama ukuta na ongea na mtu. Mimi mwenyewe naogopa urefu na napita, ni dakika mbili tatu tu. Halafu ukuta unaisha, unakata kona, na tao liko hapo lote kwa mpigo mmoja. Sitakuelezea hilo.

Ukishafika

Kaa kwenye bonde kama walivyokaa wengine, ni kama uwanja wa michezo uliochongwa na upepo, kila mtu anaona. Chini ya tao kuna foleni isiyo rasmi ya wanaotaka picha, nenda, simama, pigwa, toka. Kuna watu wanaenda kukaa pale chini dakika ishirini na mwanga ndio unaisha, na bonde zima linaanza kuwapigia kelele, usiwe wewe. Kulipanda tao hairuhusiwi, na hata kama ingeruhusiwa, jamani. Ukizunguka nyuma yake jua kwamba mwamba unateremka halafu unakatika, usirudi kinyumenyume ukitafuta selfi.

Wakati unasubiri liangalie vizuri, maana ukijua lilivyotokea linakuwa jingine. Chini ya nchi ile kuna tabaka nene la chumvi iliyobaki baada ya bahari kukauka, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Chumvi ikilemewa na mawe haikai tuli, inajisogeza kama unga uliokandwa, ikayavimbisha na kuyapasua matabaka ya jiwe la mchanga yaliyo juu yake, nyufa zikawa ndefu zimepangana, maji yakaingia, yakawa yanayeyusha kile kinachoshikisha punje za mchanga, na usiku wa baridi yakiganda yanatanuka na kubandua vipande. Kilichobaki ni kuta nyembamba, na baadhi ya kuta zikatoboka. Kwenye Delicate Arch hata ukuta wenyewe umeisha, limebaki tao peke yake, ndio maana limesimama katikati ya uwazi kama mlango wa nyumba iliyobomolewa. Na kazi haijaisha: mwaka 2008 tao jingine humohumo hifadhini, Wall Arch, lilianguka usiku. Inasemekana miaka ya 1950 kulikuwa na wazo la kulipaka Delicate Arch plastiki ili lisiliwe na hali ya hewa, wazo likaachwa, na nashukuru. Wachunga ng'ombe wa zamani wao walikuwa wanaliita suruali ya ndani ya mwalimu wa kike, liangalie tena utaelewa.

Mawingu. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa mvua za ghafla za radi zinakuja mchana na jioni, na juu ya mwamba ule wewe ndiye kitu kirefu. Ukisikia ngurumo kabla hujapanda mwamba, usipande, subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Ukiisikia ukiwa juu, anza kushuka, machweo utayaona siku nyingine.

Kushuka

Jua likizama una kama nusu saa ya mwanga ambao bado unaona pa kukanyaga. Nusu saa hiyo ni mali. Kama ni mara yako ya kwanza, au uko na watoto, ondoka mara tu jua linapozama au hata dakika tano kabla, upite ile njia ya ubavuni na sehemu tambarare ya juu wakati bado kuna mwanga, giza likukute ukiwa umeshauona mwanzo wa mwamba mkubwa. Vaa taa kichwani kabla ya kuihitaji, sio kuanza kupekua begi ukiwa umesimama ukingoni.

Kama umeshawahi kupanda na una taa ya uhakika, mimi ningekushauri ufanye kinyume. Kaa. Waache wote waondoke, wanachukua kama dakika arobaini kutoweka, na zile taa zao zikishaisha unabaki na tao na nyota. Hifadhi ya Arches ilitambuliwa mwaka 2019 kuwa mahali pa kimataifa pa anga la giza na usiku usio na mwezi utaelewa kwa nini, kiangazi mkanda wa Njia ya Maziwa unapita juu mpaka shingo inauma. Tumia taa nyekundu kama yako inayo, macho yanahitaji kama dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza na mtu mmoja akiwasha tochi nyeupe anawarudisha wote mwanzo. Usilimulike tao kwa ajili ya picha, wenzako wamekuja kwa giza. Usiku wa mwezi mpevu ni habari nyingine, mwezi unachomoza karibu na muda jua linapozama na kushuka kunakuwa rahisi sana, ila nyota unazipoteza, chagua unachotaka.

Mbaya ni katikati, yaani kuondoka dakika ishirini baada ya machweo pamoja na msongamano wote, kila mtu ana tochi inakupiga machoni, unapita njia nyembamba bega kwa bega na watu wanaopishana wakitafuta wenzao. Ama wahi ama chelewa.

Kwenye mwamba piga hatua fupi, soli nzima ikae chini, magoti yamelegea kidogo. Ukiogopa mwili unataka kuegemea nyuma, na ukiegemea nyuma visigino ndio vinateleza, kwa hiyo mwili uwe juu ya miguu. Tafuta kijimnara kinachofuata kabla ya kukiacha ulichonacho. Ukifika mahali huoni kinachofuata, mmoja abaki pale penye kijimnara na taa yake inawaka, mwingine asogee kutafuta, wakipoteana kwa macho anarudi. Polepole, inachosha roho, lakini ndivyo inavyofanyika. Na mwamba ukianza kuwa mkali kuliko unavyoukumbuka ulipokuwa unapanda, basi hauko njiani, usishuke hata hatua moja zaidi kujaribu, rudi juu.

Wadudu na nyoka wapo, kuna nyoka wa manyanga, wale wanaotikisa mkia ukalia, na nge, na jioni wanatoka kwa sababu mwamba bado una joto la mchana. Usiweke mkono wala kukaa mahali ambapo taa haijafika. Ukimwona nyoka simama mbali umpe nafasi aende zake, hana shida na wewe. Popo watakupita karibu na uso wakifuata wadudu wa taa yako, hawagusi, usipige kelele.

Ukivuka tena lile daraja mambo yameisha, ni njia pana mpaka kwenye gari. Maji uliyobakiza kunywa hapo. Barabara ya kutoka ina kona nyingi na paa wanavuka bila kuangalia, endesha taratibu. Na kabla hujawasha injini hesabu watu, kweli hesabu kwa kidole, maana mara ya tatu sisi tulikaa kwenye gari dakika tano nzima tukisifia picha kabla ya mtu kuuliza aliyekuwa anashika funguo za gari la pili yuko wapi. Alikuwa chooni, lakini zile sekunde za kabla hatujajua zilikuwa ndefu.